Picha Mbili za Kichwa cha Chemutai

Merigi,
30 Agosti 1997

Ndugu yangu Kipruto,

Chamgei. Natumaini baridi ya Glasgow haijakuzidi na kwamba unakula. Sisi tuko. Mama anatembea vizuri tangu goti lilipopungua kuvimba, na kila Jumapili anawaambia watu kanisani kwamba mwanawe anafundishwa na Wazungu kutazama ndani ya vichwa vya watu. Ng'ombe wa madoa amezaa ndama jike. Shemeji yako Johana bado yuko na lori la majani chai la kiwanda, na kwa vile barabara imekauka, anafika nyumbani mapema.

Sasa nije kwenye neno lililonifanya niandike. Unakumbuka Januari nilianguka darasani nikitetemeka mbele ya watoto wa darasa la tano, na Februari nikapelekwa Nairobi kupigwa ile picha ya kichwa. Walikuta uvimbe mdogo nyuma ya jicho la kushoto, ukubwa wa harage. Daktari alisema ni ule usiokuwa na haraka, nimeze vidonge vya kuzuia kifafa, nirudi baada ya miezi sita.

Nimerudi juma lililopita. Mashine ya kwanza ilikuwa imeharibika, wakanipeleka kwenye nyingine mtaa wa pili. Daktari alizibandika picha zote mbili kwenye ule ubao wenye taa, akazitazama kwa muda, akasema, "Mwalimu, umekua mara mbili. Hatuwezi kungoja." Anataka kunifungua kichwa mapema Novemba.

Johana anasema tufuate daktari. Mama analia akidhani simwoni. Mimi nimesema nitamuuliza kwanza Kipruto. Wewe ndiye unayesomea mashine hizi. Niambie, kitu kinaweza kukua mara mbili kwa miezi sita na mimi niko hapa nafundisha na kukamua ng'ombe?

Dada yako,
Chemutai


Glasgow,
14 Septemba 1997

Dada yangu Chemutai,

Barua yako imenifikia jana. Namshukuru Mungu kwa goti la Mama, na mwambie asiniite daktari kanisani, mimi ni mtu wa hesabu za picha. Mimi ni mzima. Ninaishi na kijana wa Kisii anayeitwa Bosire, tunapika ugali kwa unga wa dukani kwa Wahindi, hautoki sawa na wa nyumbani.

Nimeisoma barua yako mara nyingi. Uliza swali lako kwa namna hii: mashine zilikuwa mbili, je, zilipangwa sawa? Maana hiyo ndiyo kazi ninayofanya hapa. Tunaletewa picha za ubongo kutoka hospitali tatu, na kila hospitali imepanga mashine yake kivyake. Moja inaigawa picha ya kichwa katika vipande vinene, nyingine vyembamba. Moja imepangwa ili maji yang'ae, nyingine maji yawe meusi. Ukiziweka kando kwa kando bila kuzisawazisha, utaapa kwamba mtu yule yule ana vichwa viwili. Ni kama kupima gunia moja la majani chai kwenye mizani ya kituo chetu, kisha kwenye mizani ya ng'ambo ya mto. Uzito ukitofautiana, huwezi kusema majani yameota ndani ya gunia.

Sisemi daktari amekosea. Nasema alipewa picha mbili zisizosemezana. Naomba unitumie filamu zote, za Februari na za Agosti. Bosire yuko Kisii kwa mazishi, anarudi huku katikati ya Oktoba. Mpelekee azibebe mkononi, usiziamini posta.

Na uniambie jambo hili: mara zote mbili walikudunga ile sindano ya dawa inayong'arisha uvimbe?

Ndugu yako,
Kipruto


Merigi,
4 Oktoba 1997

Ndugu yangu Kipruto,

Tunaendelea. Walimu tumegoma tangu Jumatano, nchi nzima, kwa hiyo niko nyumbani nachuma chai na wanawake wengine. Mama amepata ndoo mpya ya maziwa na hampi mtu aiguse. Mvua imeanza mapema, nzito, si ya kawaida.

Filamu nimempa Johana, amezifikisha kwa kina Bosire. Zimo zote kwenye bahasha ya kaki. Nimeandika nyuma kwa penseli zipi za lini.

Tarehe ya kufunguliwa kichwa ni 3 Novemba. Johana amekwisha kuomba ruhusa kiwandani.

Sindano walinidunga Februari. Agosti sikudungwa. Hiyo usiniulize zaidi, ya kwanza haikunipendeza. Elmina, yule nesi wa zahanati yetu, anakusalimu. Ndiye anayenipima presha.

Dada yako,
Chemutai


Glasgow,
19 Oktoba 1997

Dada yangu Chemutai,

Bosire amefika Alhamisi na bahasha haikukunjamana hata pembe. Asante Johana.

Nitakueleza nilichokiona. Picha za Februari ni za vipande vinene, na kati ya kipande na kipande mashine iliruka nafasi, kwa hiyo ncha za uvimbe hazikuonekana. Ulipimwa mdogo kuliko ulivyo. Za Agosti ni vipande vyembamba, kichwa chako kimelala kwa pembe nyingine, na mashine ilipangwa kuonyesha maji yaking'aa. Uvimbe huwa na maji pembeni yake. Daktari alipoona pale panang'aa pote, alihesabu na yale maji. Kwa hiyo Februari walipunja na Agosti wakazidisha.

Nimeziingiza zote kwenye kompyuta. Kazi ni kugeuza picha ya pili mpaka mifupa ya fuvu na mifereji ya ubongo ikae juu ya ile ya kwanza, kisha kusawazisha mwanga wake, ndipo upime. Ukubwa wa mara mbili haupo. Hilo naweza kulisema.

Lakini kuna kiasi kinachobaki. Hata nikisawazisha kila kitu, kuna ukuaji ambao mashine haziuelezi, na bila picha ya sindano ya Agosti siwezi kuona vizuri mpaka wake. Dada, watu wa mashine hawaachi sindano kwa sababu mgonjwa hakuipenda. Huwa wanabembeleza. Nilikupigia Jumanne kwenye simu ya dukani kwa Kebaso nikuulize, nawe ukanieleza juu ya mvua hadi laini ikakatika. Najua duka lilikuwa limejaa watu wanaosikiliza. Basi niandikie. Kuna jambo lingine pia kwenye picha ninalotaka kulihakikisha, lakini nalo linangoja jibu lako.

Tarehe tatu imekaribia. Ikiwezekana, isogezwe.

Ndugu yako,
Kipruto


Merigi,
5 Novemba 1997

Kipruto,

Salamu za watu wote. Mvua hii wanaiita El Nino. Imebeba daraja la chini na shamba la viazi la Mzee Hezekiah pamoja na ua wake. Mama yuko salama, nyumba haivuji.

Jumatatu sikwenda Nairobi. Nilimwambia Mama barabara imekatika. Imekatika kweli, ila Johana angenipitisha barabara ya juu kwa lori, na alikuwa ameliwasha, ananingoja. Nilikaa jikoni. Aliingia akaniuliza, "Chemutai, unataka nikubebe?" Nikamwambia, "Ukinibeba nitapiga nduru majirani waje." Akazima lori. Hatujazungumza vizuri tangu siku hiyo.

Nina mimba, Kipruto. Inakaribia miezi sita. Agosti ilikuwa ya miezi mitatu, na yule msichana wa mashine alipokuja na sindano nilimwambia ile ya kwanza ilinitapisha nusu ya kufa, nikaukaza mkono. Sikumwambia sababu. Daktari pia sikumwambia. Ningemwambia angesema itolewe, na nimezika watoto wawili ambao hawakufika kulia. Nina miaka thelathini na sita. Wewe ulikuwa sekondari wakati wa yule wa kwanza, hukuelezwa.

Wanaojua ni Johana na Elmina. Mama anadhani ninanenepa kwa sababu ya vidonge. Johana anasema, "Mtoto tutapata mwingine, wewe hatutapata mwingine." Elmina anasema yeye ni nesi tu, anapima presha na kunyamaza.

Sasa umejua. Usiniandikie tena mambo ya mizani na magunia. Niambie kama nitakufa.

Chemutai


Glasgow,
20 Novemba 1997

Dada yangu,

Salamu kwa Mama na kwa Johana. Nisamehe nikiacha habari nyingine.

Nimekwenda na barua yako kwa profesa wangu, na yeye akanipeleka kwa daktari bingwa wa upasuaji wa ubongo hapa. Alizitazama picha nilizozisawazisha. Anasema uvimbe wa aina hii, unaoota kwenye utando unaofunika ubongo, mara nyingine huvimba mwanamke akiwa na mimba, na mimba ikiisha huweza kutulia. Kwa vipimo vyangu umeongezeka kama sehemu moja ya tano. Si mara mbili. Anasema kwa kipimo hicho kuna wanawake wanaongojewa mpaka mtoto awe na nguvu ya kuishi nje, wanazalishwa kwa upasuaji, ndipo kichwa kinafuata. Lakini lazima daktari wako ajue, maana dawa ya usingizi ya upasuaji, vidonge vya kifafa, kila kitu kinabadilika.

Kwa hiyo nimemwandikia. Bahasha yenye picha zilizounganishwa, vipimo, na habari ya mimba imeondoka leo kwa njia ya haraka, itafika Nairobi kabla ya barua hii kukufikia. Utakasirika. Afadhali unikasirikie ukiwa hai.

Macho yako yakoje?

Kipruto


Merigi,
9 Desemba 1997

Kipruto,

Mama ni mzima. Ng'ombe ni wazima.

Umemwandikia daktari kabla yangu. Mwili ni wangu, mtoto ni wangu, nawe ukaandika kama unapeleka ripoti ya gari. Nilikaa na hasira kwa siku kadhaa. Johana ndiye aliyefurahi, alinipeleka Nairobi asubuhi ile ile ujumbe wa daktari ulipofika kiwandani.

Daktari hakunigombeza. Alibandika picha zako, akaniambia nizibe jicho la kulia nisome herufi ukutani. Sikusoma hata ya juu. Akaniuliza, "Tangu lini?" Nikasema tangu Septemba. Nimekuwa nikisahihisha madaftari nimegeuza shingo kama kuku. Akanionyesha kwenye picha yako mstari mwembamba, akasema hii ni neva ya jicho, uvimbe umeiinua, ndugu yako ameiwekea alama. Kumbe uliona. Ukaniuliza, "Macho yako yakoje?" kama mtu anayeuliza hali ya hewa.

Basi sote wawili tulinyamaza juu ya jicho moja.

Alitueleza waziwazi. Akifungua sasa, jicho linaweza kupona, na mtoto huenda asiishi. Akingoja mwisho wa Januari, mtoto ana nafasi nzuri, jicho huenda likaenda, na kama vipimo vyako si sahihi na uvimbe unakua upesi kuliko unavyosema, tutakwenda wote wawili. Aliuliza, "Huyu ndugu yako ana uhakika kiasi gani?" Nikamwambia Kipruto hakisii. Johana alitoka nje akasimama kwenye korido.

Nimechagua kungoja. Nimemwambia na Mama. Alikwenda akaniletea maziwa lala kwenye kibuyu chake mwenyewe. Usinijibu kwa kunibembeleza nibadilishe.

Chemutai


Glasgow,
27 Desemba 1997

Dada yangu Chemutai,

Krismasi ilipita. Tulisikiliza redio na Bosire habari za uchaguzi wa nyumbani, kisha tukalala. Nashukuru kwa Mama kupokea habari vile alivyopokea.

Sitakubembeleza. Ila umemwambia daktari kwamba sikisii, na huna budi kujua ulimwambia nini. Njia hii ya kuunganisha picha tumeijaribu kwa wanafunzi wazima waliojitolea, watu wasio na ugonjwa, tukapima vichwa vyao kwenye mashine tofauti na kuona kwamba majibu yanakubaliana. Kwa kichwa chenye uvimbe, chako ndicho cha kwanza. Profesa aliniambia niandike hivyo kwenye barua ya daktari, na niliandika, mwishoni, kwa maneno ya kitaalamu. Wewe sikukuandikia. Niliogopa ukijua utakubali kisu cha haraka kwa hofu tu, na niliogopa vilevile kwamba nakushikilia ungoje kwa hesabu yangu. Juu ya jicho nilinyamaza kwa sababu hizo hizo. Nimerudia vipimo mara nyingi, nimempa na mwenzangu apime bila kumwambia ni vya nani. Alipata karibu sawa na mimi. Hicho ndicho nilicho nacho, sina kingine.

Ukisikia hasira, nitaielewa. Ukitaka kubadilisha, bado kuna muda.

Naambatisha karatasi ya mipangilio ya mashine ya Februari: unene wa vipande, pembe ya kichwa, kila kitu. Mtoto akishazaliwa, watakapokupiga picha kabla ya kisu, wape watu wa mashine waipange vivyo hivyo, na safari hii ukubali sindano. Wasipoweza vipande vinene, wapige vya namna zote mbili. Tusiwe tena na cha kubahatisha.

Ndugu yako,
Kipruto


Glasgow,
8 Machi 1998

Dada,

Hujaandika tangu Desemba. Simu ya Kebaso inalia tuu, kisha inakufa. Nilipiga kiwandani, mtu akaniambia Johana hajafika kazini siku nyingi, nikamuuliza kwa nini, akasema yeye ni mgeni. Nilimwandikia daktari, hajajibu.

Bosire ananilazimisha kula. Nimeacha kazi ya picha, siwezi kuzitazama. Mtu yeyote anayeweza kushika kalamu aniandikie, hata Mama kwa Kipsigis, hata neno moja.

Kipruto


Merigi,
24 Machi 1998

Ndugu yangu Kipruto,

Ni mimi mwenyewe ninayeandika, ndiyo maana herufi ni kubwa. Niko nyumbani tangu Jumamosi. Mama ni mzima, amekonda kwa kulala kwenye viti vya hospitali. Johana amerudi kwenye lori jana. Nguzo za simu zilianguka na mvua, na barua yako ya Desemba niliipata, ila kuna siku nyingi ambazo sikuweza kuandika, na waliokuwa karibu nami hawakuwa na nafasi ya kushika kalamu.

Tarehe kumi na saba Januari nilianguka jikoni, kifafa kikubwa, kikafuatwa na kingine. Elmina alikuja mbio akanigeuza ubavu. Johana alikuwa barabarani na shehena. Aliposikia aliyamwaga majani yote kando ya barabara, wakanilaza kwenye magunia, wakanifikisha hospitali ya misheni matope yakiwa yamefika kwenye mhimili wa magurudumu. Walimtoa mtoto siku hiyo hiyo. Mimi sikujua kitu. Johana anasema mtoto alilia mara moja, kwa sauti kama ya paka, kisha akanyamaza, kisha akalia tena na hakuacha.

Ni msichana. Mama alimwita Cherop kwa sababu ya mvua. Alikaa kwenye sanduku la joto hadi alipoweza kunyonya. Ana kilo tatu sasa na hasira za ukoo wetu.

Mimi nilipelekwa Nairobi. Nilimpa msichana wa mashine karatasi yako. Ni yule yule wa Agosti. Aliisoma akaniuliza, "Nani amekuandikia hii?" Nikasema ndugu yangu. Akapanga mashine kama ulivyoandika, akanidunga sindano, nami nikatulia. Daktari akaziweka picha za Februari mbili kando kwa kando, za mwaka jana na za mwaka huu, akasema, "Sasa naona kitu kile kile." Wewe ulisema moja ya tano. Yeye alipata karibu robo. Ulikosea kidogo, Kipruto, na kidogo hicho kilikuwa ndani ya jicho langu. Lakini alisema kama uvimbe ungekuwa umekua kwa mwendo ule aliohesabu Agosti, nisingefika hata hiyo Januari nikiwa hai.

Alinifungua Februari ishirini na tatu. Ameutoa karibu wote, kasoro kipande kilichokumbatia neva. Hauna saratani. Nitapigwa picha kila mwaka, na amesema karatasi yako ameiweka ndani ya faili langu.

Jicho la kushoto limekwenda. Halitarudi, nimeuliza mara mbili. Siku ya kwanza nilipomwona Cherop nilimkosa kabisa, walikuwa wamenilaza naye upande huo, nikawa nauliza mtoto yuko wapi naye yuko kwenye mkono wangu. Johana alimchukua akamzungusha kitanda chote, akamleta huku kwingine. Kisha aliketi chini sakafuni akaegemeza kichwa kwenye godoro.

Hasira zangu nimezipeleka zote mahali pamoja na kuzimaliza, hazijakufikia. Nilichagua mimi. Ungeniambia habari ya wale wanafunzi wazima mapema, ningechagua vilevile, lakini ungeniambia. Tukubaliane hivyo kwa siku zijazo, wewe na mimi.

Mama anasema uliahidi ulipoondoka kwamba Agosti hii ungekuja. Mtoto atakuwa anakaa. Ukifika usinijie kwa kunishtua kutoka kushoto kama ulivyozoea utotoni. Pita mbele, uje ukae kulia kwangu, ndipo nikuone.

Dada yako,
Chemutai